Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Magazeti ya Kiswahili: Tuambieni Mko Upande Gani

Waheshimiwa Wahariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Tanga, na magazeti yenu ndiyo yaliyonifundisha sehemu kubwa ya yale niliyokwenda kuwafundisha watoto wa watu darasani. Nimeyasoma tangu zama ambazo Uhuru na Mzalendo yakifika kutoka Dar es Salaam tulikuwa tukiyagombania. Nimeyasoma yalipoanza kuongezeka baada ya mageuzi ya 1992, Majira na Rai yakaingia mitaani, kisha mengine yakafuata. Nawaandikia hadharani kwa kuwa barua nilizowapelekea baadhi yenu kwa njia ya kawaida hazikupata jibu, na kwa kuwa ninayotaka kuyasema nayasikia kila siku kwa watu wengi.

Mnalalamika kwamba Watanzania hawasomi, kwamba simu imeliua gazeti. Nawaomba mlitazame upya jambo hilo. Watu wa mtaani kwangu wanasoma kutwa, tena maandishi marefu, kwenye simu hizo hizo. Kilichopungua ni imani. Mtu hatoi pesa yake kununua kitu ambacho anaamini kimekwisha kulipiwa na mwingine.

Lalamiko langu ni moja, lenye matawi mengi: mna upande, na hamtuambii.

1. Naanza na jinsi tunavyowasoma, maana sidhani kama wote mnaijua. Hapa mtaani kwangu Ngamiani muuza magazeti huyatandaza mezani, akayagandamiza kwa mawe yasipeperuke. Watu husimama, mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari kuanzia gazeti la kwanza hadi la mwisho, wakaondoka. Muuzaji hawafukuzi, anajua kuwa mmoja wao atanunua. Nakala hiyo moja itafika kwenye baraza ya kahawa na itasomwa na baraza nzima. Mmoja ataanza na ukurasa wa nyuma aone Simba na Yanga wamesemaje, mwingine atatafuta nafasi za kazi kwa ajili ya mjukuu wake, mwingine ataangalia tanzia. Kurasa za siasa huja baadaye, na mara nyingi husomwa kwa sauti kwa faida ya wenye macho yaliyochoka. Jioni gazeti lile lile liko kwa kinyozi. Na kabla ya hayo yote, alfajiri, picha za kurasa zenu za mbele zimekwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na redio zimekwisha kuvisoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo kwa Watanzania walio wengi gazeti ni kichwa cha habari. Mwandishi wenu anaweza kuwa ameandika habari ya haki kabisa, pande zote zimesikilizwa, lakini upande wa pili umewekwa mwishoni mwa habari, ukurasa wa nne. Haufikiwi. Kinachobaki vichwani mwa watu ni yale maneno makubwa mekundu ya ukurasa wa mbele, na maneno hayo mara nyingi hakuyaandika aliyekwenda kwenye tukio. Mmeyaandika nyinyi, usiku, katika chumba cha habari, mkipima ni lipi litauza na ni nani ataudhika.

Jambo jingine kuhusu usomaji wetu: hatusomi bila kuuliza gazeti hili ni la nani. Muuzaji akiulizwa hujibu haraka: hili la serikali, hili la chama, hili la tajiri fulani, hili la mtu anayeutaka ubunge. Mara nyingine anakosea, lakini jibu lake ndilo tunalosomea, kwa sababu nyinyi hamjatupa jingine. Tumejizoesha kununua moja na kuchungulia la pili, tukatafuta yanapopishana, tukakisia ukweli ulipo. Nilipokuwa kazini niliwapa wanafunzi zoezi hilo hilo: tukio moja, magazeti mawili, andika nani ameulizwa na nani hakuulizwa. Watoto wa kidato cha tatu walikuwa wakiuona upande wa kila gazeti kabla kengele haijalia. Kama wao wanauona, mnamficha nani?

2. Sisemi gazeti lisiwe na upande. Magazeti yaliyoijenga nchi hii yalikuwa na upande, na hakuna aliyelia kwamba amedanganywa.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alisimama mahakamani Dar es Salaam akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala iliyotoka katika kijarida cha Sauti ya TANU ikiwashutumu mabwana shauri wawili wa wilaya. Upande wa kijarida kile ulikuwa kwenye jina lake. Mwafrika, lililoanza 1957, halikumficha mtu kwamba lilitaka uhuru, na wahariri wake walifungwa kwa kosa la uchochezi. Huku upande wa pili kulikuwa na Mambo Leo, lililoanzishwa 1923. Lilikuwa la serikali ya mkoloni, na kila aliyelishika alijua hivyo. Hata hivyo wasomaji walilijaza kwa barua na mashairi yao, na Shaaban Robert wetu, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, ni mmoja wa walioandika humo. Ninaumia ninapofikiri kwamba gazeti la mkoloni lilimpa msomaji nafasi ambayo baadhi yenu leo hamumpi.

Serikali ilipolitaifisha gazeti la The Standard, tarehe 5 Februari 1970, Mwalimu aliliandikia gazeti hati, na wasomaji wakaisoma: kwamba sasa ni mali ya umma, kwamba litaunga mkono siasa ya ujamaa, na kwamba litakuwa huru kukosoa utendaji wa viongozi. Mhariri aliyeteuliwa, Frene Ginwala, aliondolewa mwaka uliofuata baada ya tahariri iliyomlaumu Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwaua viongozi wa kikomunisti nchini mwake. Kwa hiyo uhuru ule ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulionekana. Lakini msomaji alikuwa na maandishi yanayosema gazeti limeahidi nini. Siku ahadi ilipovunjwa aliweza kuiona ikivunjwa. Ni gazeti gani kati ya yenu leo linalomchapia msomaji ahadi ya namna hiyo?

Anayenunua Uhuru anajua ananunua gazeti la CCM. Anayenunua HabariLeo anajua ni la serikali. Anaweza kukubali au kukataa anachosoma, ila anajua nani anazungumza naye. Tabu yangu kubwa ni magazeti yanayojiita huru. Hayo yana mmiliki mwenye biashara zake, yana watangazaji wakubwa, na yana marafiki serikalini na upinzani. Vyote hivyo vinaamua nini kiwe habari na nini kitupwe, na hatuoneshwi hata kimoja. Halafu tunaambiwa hatupendi kusoma.

3. Tazameni vichwa vyenu vya habari vya mwezi mmoja tu, mviweke pamoja sakafuni. Waziri anafafanua, anaagiza, anatoa somo. Mpinzani akisema jambo lile lile anadai, analalama, anacharuka. Na kwenye magazeti yanayoelemea upande wa pili kibao kinageuka: mpinzani anafichua, waziri anajikanyaga, na kila hatua ya polisi ni njama hata kabla habari haijasomwa. Msomaji wa kituo cha basi hakupata ushahidi wowote, amepata hukumu. Tumieni "asema". Mtu amesema, andikeni amesema, kisha mtuache tupime wenyewe.

Pamoja na hilo, acheni kutuwekea siri nzito ukurasa wa mbele ambayo ndani haipo.

4. Hili la nne ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo ni la nani anaulizwa.

Kulikuwa na shauri la kuwahamisha wafanyabiashara wa soko moja la hapa kwetu. Ukaitishwa mkutano. Nilikuwepo, kwa sababu dada yangu anauza nazi pale. Wafanyabiashara walikataa, tena kwa adabu, wakataja sababu moja baada ya nyingine: umbali, ushuru, choo, wateja waliowazoea. Baadaye gazeti moja, ambalo silitaji, likaandika kwamba wafanyabiashara wameupongeza uamuzi huo. Habari nzima ilikuwa na msemaji mmoja, ofisa aliyeitisha mkutano. Hapakuwa na jina la mfanyabiashara hata mmoja. Macho ya dada yangu hayaoni vizuri, nikamsomea mimi. Akaniuliza ni nani kati yao aliyepongeza. Sikuwa na la kumjibu.

Simlaumu sana kijana aliyeiandika. Alikuja kwenye gari la msafara, akala chakula cha msafara, na kila aliye karibu na kazi hii anajua alivyoondoka: na posho ya nauli kutoka kwa wenye mkutano. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira. Wanalipwa kwa habari iliyochapwa, na malipo yenyewe ni madogo na yanachelewa. Simu ni yake, vocha ni yake, pikipiki ya kumfikisha kijijini anailipa yeye. Akimpa nafasi muuza nazi, msafara unaofuata hataitwa. Asipoitwa hana habari, na asipokuwa na habari hana mlo. Huyo ndiye mnayemtegemea atuletee ukweli wa mikoa yetu. Mnayajua haya yote kuliko mimi, kwa sababu wengi wenu mlianzia hapo hapo.

Ndiyo maana magazeti yamejaa hotuba. Kiongozi amezindua, amehimiza, ametaka, ameonya. Hotuba ni habari nyepesi kuipata: mwandishi anapelekwa, anapewa, anarudishwa. Kumtafuta anayehutubiwa kunagharimu pesa na kunaleta maadui. Upendeleo mkubwa wa magazeti yetu kwangu mimi hauko kati ya CCM na CHADEMA wala ACT-Wazalendo. Uko kati ya mwenye kipaza sauti na asiye nacho.

Chukueni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapa kwetu. Nimesoma mara nyingi ujenzi umefika asilimia ngapi, kutoka vinywani mwa viongozi waliotembelea. Mvuvi wa Chongoleani, ambaye bahari yake ndipo meli zitakapopakilia mafuta, nimemsoma mara chache mno. Ana maoni. Huenda analisifu bomba, huenda analiogopa. Nendeni mkamuulize, mtulie naye jioni moja, kisha mchape alichosema kwa jina lake.

Na kwa kuwa nimeanza kutetea mkoa wangu, niseme na la mpira. Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988. Leo ukurasa wa michezo unaikumbuka inapokutana na Simba au Yanga, na hata hapo kichwa cha habari ni Simba itafanya nini. Vijana wa uwanja wetu wa Mkwakwani wanasoma gazeti linalowaeleza kwamba wao ni wapita njia katika mchezo wao wenyewe. Mnashangaa kwa nini hawalinunui?

5. Matangazo. Gazeti haliwezi kuishi kwa bei ya nakala, naelewa. Serikali na taasisi zake ni watangazaji wakubwa, na nyinyi wenyewe mmelalamika hadharani kuhusu madeni ya matangazo ambayo taasisi za umma hazijayalipa. Basi na sisi tuna haki ya kuuliza: gazeti linalosubiri kulipwa na taasisi fulani linaweza kuichunguza taasisi hiyo kwa nguvu zake zote? Toleo maalumu la mafanikio ya taasisi linachapwa kwa herufi zile zile za habari, limeandikwa "Na Mwandishi Wetu", na mzee wa barazani analisoma kwa sauti akiamini kuwa kuna mwandishi aliyekwenda kuchunguza. Hakuna aliyekwenda. Ni maneno ya mlipaji.

Kwenye michezo ni mabaya zaidi. Uchambuzi wa mechi unakaa bega kwa bega na tangazo la kampuni ya kubashiri, na chini yake kuna mkeka wa leo, yaani orodha ya mechi za kubashiri. Kijana wa bodaboda hawezi kujua mchambuzi anaishia wapi na mfanyabiashara anaanzia wapi. Anaweka pesa ya mafuta ya pikipiki kwa kuamini ukurasa wenu. Hapo upendeleo wa gazeti unamfikia mtu mfukoni, na jioni unafika jikoni kwake.

6. Masahihisho. Kosa likitoka ukurasa wa mbele, radhi hutoka ndani kabisa, mistari mitatu, haisemi habari ilikosea nini wala ilimuumiza nani. Baraza lililosoma kosa haliioni radhi. Redio iliyokisoma kichwa cha habari haiisomi radhi. Kwa yule mkulima au mwalimu mliyemwandika vibaya, gazeti halijasahihisha chochote.

Najua mtakachonijibu, na ni jibu la haki. Mtasema: Mwalimu, unatuona sisi tu, huioni sheria. Naiona. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti kwa maneno yake mwenyewe. Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaweka leseni, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikaa kifungoni hadi Februari 2022. Hata Uhuru, gazeti la chama kinachotawala, lilisimamishwa siku 14 mwezi Agosti 2021 kwa habari kuhusu Rais Samia na uchaguzi wa 2025. Katika nchi ambamo gazeti la chama tawala linafungiwa, mhariri wa gazeti la mtu binafsi ana sababu ya kuogopa. Hofu hiyo siidharau. Ina watoto nyuma yake, na ina waandishi wanaosubiri mshahara.

Lakini hakuna sheria, ya 1976 wala ya 2016, inayowakataza kuchapa jina la mmiliki wenu. Hakuna inayowazuia kuandika neno TANGAZO juu ya ukurasa uliolipiwa. Hakuna waziri aliyewaamuru kuweka radhi ukurasa wa kumi na saba, au kutomuuliza muuza nazi. Haya yote ninayoyalalamikia yako mikononi mwenu, na mnaweza kuyarekebisha wiki hii bila kumwomba mtu ruhusa.

Nawaambia pia kwa nini nalishikilia jambo hili kwa nguvu hivi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka na intaneti ikazimwa. Simu zikawa za kupigia tu, na kila simu iliyoingia ilikuwa na habari iliyopingana na ya kabla yake. Nani amekufa, wapi, wangapi, nani amepiga. Mtoto wa jirani yuko Dar es Salaam na hapatikani. Zile ndizo siku ambazo taifa linahitaji karatasi iliyochapwa, isiyotegemea mtandao, yenye jina la mhariri anayeaminiwa na mtu wa CCM na mtu wa upinzani kwa pamoja. Mengi ya yaliyotokea watu waliyapata kwanza kutoka vyombo vya nje, na mpaka sasa kila baraza lina simulizi yake. Imani ya namna ile haijengwi siku ya dharura. Inajengwa miaka kumi kabla, kwenye habari ya soko, habari ya choo cha shule, na radhi iliyochapwa mahali pake. Nyinyi hamkuwa mmeijenga. Siku ilipohitajika, haikuwepo.

Sasa ninayoyaomba.

Naomba kila gazeti lichape hati yake. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: mmiliki ni nani na ana biashara gani nyingine, gazeti linaamini nini, litaunga mkono nini, na halitafanya nini hata likilipwa. Kama linakiunga mkono chama, liseme. Hati hiyo irudiwe kila Januari, na kila mmiliki anapobadilika. Hili ni ombi langu la kwanza, na likitimizwa hili peke yake nitahesabu barua hii imefanya kazi.

Naomba kila ukurasa uliolipiwa uwe na maneno TANGAZO LA KULIPIWA juu, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari, na "Mwandishi Wetu" asitajwe hapo. Mkeka uondoke kwenye ukurasa wa uchambuzi.

Naomba mwandishi akisafiri kwa gari, chakula au posho ya anayemwandika, mstari wa mwisho wa habari useme hivyo. Mtaona mtakavyoona haya mistari hiyo ikizidi, na haya hiyo itawasukuma kumlipa mwandishi wa mkoani nauli yake. Anzeni na mikoa michache kama fedha haitoshi. Anzeni na Tanga, mkipenda.

Naomba radhi itoke ukurasa ule ule ambako kosa lilitoka, ikitaja kosa lenyewe.

Naomba ukurasa wa barua za wasomaji urudi, mpana, kila siku, barua zikichaguliwa kwa uzito wa hoja hata kama zinawashambulia nyinyi. Mwandishi wa barua apewe jibu. Mtu aliyejibiwa na gazeti mara moja halisahau.

Haya si mageni kwenu. Azimio la Dar es Salaam la 2011 juu ya Uhuru wa Uhariri na Uwajibikaji liliandikwa na wanahabari wenyewe, na neno uwajibikaji limo humo pamoja na neno uhuru. Baraza la Habari Tanzania, mlilolianzisha wenyewe mwaka 1995 ili mjisimamie, lina maadili yaliyoandikwa vizuri. Jukwaa la Wahariri hukutana. Liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, mjadili hati ya gazeti iweje, na mtuambie mmeamuaje.

Kwa wasomaji wenzangu nina neno moja. Tusiishie kulalamika barazani. Habari ikikuumiza, mwandikie mhariri kwa jina lako, ukatae kunyamaziwa, na ukinyamaziwa peleka lalamiko Baraza la Habari. Ukisoma kichwa cha habari mezani, nunua walau nakala moja kwa wiki usome mpaka mwisho, kwa sababu gazeti lisilonunuliwa na wasomaji litanunuliwa na mtu mwingine.

Waheshimiwa Wahariri, ninawaandikia kwa kuwa ninayapenda magazeti na sitaki kuyaona yakifa nikiwa hai. Gazeti la kwanza litakalochapa hati yake, liwe la chama, la serikali au la mtu binafsi, nitalinunua kila siku, hata kama upande wake si upande wangu, na nitalipeleka barazani nilisome kwa sauti kuanzia ukurasa wa mbele. Nijibuni kurasani, msinijibu kwa simu.

Wenu katika kusoma,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga